Mende Mweupe wa Mama Sayi

Bariadi, Alhamisi jioni

Wande mayu,

Nakusikia hapo uani unabishana na baba yako juu ya kamba ya kufungia begi. Endeleeni kubishana, mnanipa nafasi. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutokula vya kuuzwa dirishani, sitayaandika humu. Baba yako ameshayasema mara tatu na atayasema tena. Mimi nina habari ya mende, na naandika mbio kwa furaha, kwa hiyo mwandiko wangu uvumilie, maana hata siku ya kawaida hausomeki.

Leo nimemwona, Wande. Nimemwona kwa macho yangu haya akijivua gamba, akatoka mweupe pe, na nimepanda naye bodaboda mpaka Nkololo kwa Mama Sayi. Ndiyo, Mama Sayi yule yule. Wewe ulikuwa Binza unamuaga shangazi yako, hukuona nikitoka wala nikirudi. Kesho basi lako likishapita Maswa, abiria wakitulia, soma polepole. Kuna jambo nilikuficha tangu ukiwa mtoto na sitaki ufike Morogoro hulijui. Ni jina la mwanamke nililolichafua mimi, ambalo leo nimekwenda kujaribu kulisafisha. Na ni fimbo nilizokuchapa bila haki.

Nianze na debe la michembe. Ulikuwa darasa la pili. Mama Sayi alikuwa jirani yetu mlango kwa mlango, yeye anapika maandazi, mimi nashona. Wewe na Sayi wake mlikuwa chanda na pete, ukikosekana kwetu uko kwao. Siku moja alirudi kumsalimia mama yake Nkololo, akaniletea debe zima la michembe, tena vile viazi vyembamba vilivyokauka vizuri, unavyovipenda vikipikwa na karanga. Nikaliweka pembeni jikoni. Wiki ile ile mdogo wako Shija akashikwa na homa, mwili unachemka, ziwa hataki. Siku mbili sikulala. Asubuhi ya tatu nikafunua debe nipike, na juu ya michembe, katikati kabisa, amekaa mende mweupe.

Sisemi mweupe wa vumbi. Mweupe kama maziwa, macho mawili meusi, na hakimbii. Wewe umewahi kuona mende asiyekimbia? Mimi nilivyolelewa, mdudu asiye na rangi yake ni mdudu aliyetumwa, na aliyetumwa ana aliyemtuma. Sikumuuliza mtu. Nilijitwika debe lile mpaka kioski cha maji. Ilikuwa siku ya mgao, foleni ya ndoo imefika barabarani. Nikalimwaga miguuni mwa Mama Sayi mbele ya wanawake wote wa mtaa, nikasema, "Chukua mdudu wako. Mwanangu humpati." Mende nikamkanyaga pale pale kwa kisigino.

Mama Sayi aliinama akaanza kuokota michembe, kipande kimoja kimoja, anaweka kwenye kanga yake. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Michembe ilizoleka, yeye aliizoa mpaka kipande cha mwisho. Yaliyobaki chini ni maneno yangu, na hayo wenzangu waliyaokota haraka wakaondoka nayo kila mmoja nyumbani kwake.

Shija tulimpeleka zahanati, wakasema malaria, akapewa dawa, siku ya nne anafukuza kuku. Na unajua nilivyowaza? Niliwaza kwamba nimemvunja nguvu yule mama. Hata kupona kwa mtoto nilikugeuza kuwa ushahidi. Maandazi ya Mama Sayi yakaanza kulala kwenye beseni. Wateja walipita upande wa pili wa barabara, watoto wakakatazwa kuingia kwake. Mavuno yalipoisha alifunga vitu vyake na Sayi wake, wakarudi Nkololo kwa mama yake. Wewe ulilia ukaniuliza sijui mara ngapi kwa nini wamehama. Nilikwambia wamekwenda kulima.

Baada ya hapo nikawachukia mende wote. Nilimsumbua baba yako mpaka akachukua dawa ya pamba iliyobaki shambani akapuliza nyumba nzima. Usicheke, nusu ya mji huu wamefanya hivyo na wengine wanafanya mpaka sasa. Mende walikufa, tukawafagia. Kuku wangu wakaokota waliobaki nje, wakafa. Mijusi ya ukutani nayo ikaanguka. Wiki kadhaa zikapita, nikaanza kuona mende wadogo kama punje za uwele wanatembea ukutani bila wasiwasi, maana hakuna kuku wala mjusi wa kuwauliza. Ni wewe uliyenieleza miaka mingi baadaye, ukiwa sekondari, kwamba dawa haiingii kwenye kile kifuko cha mayai, na kwamba niliua askari wangu mwenyewe nikawaachia wezi nyumba. Nikakwambia unajifanya mjuaji. Ulikuwa sahihi na nilijua uko sahihi.

Sasa zile fimbo. Ulikuwa darasa la nne, siku ya Jumamosi. Nilikukuta nyuma ya choo umechuchumaa na chupa ya siagi ya karanga, ndani mende na makombo ya ugali. Ukaniinulia chupa uso umejaa furaha. "Mama, huyu asubuhi alikuwa mweupe. Amevua gamba lake. Sasa rangi yake imerudi, ona."

Mayu, nilielewa pale pale, kabla hujamaliza kusema. Nikakunyang'anya chupa nikaitumbukiza chooni, nikakuchapa. Nikasema ni uchafu, nikasema ni maradhi, na wewe ukalia ukaamini. Haikuwa uchafu. Nilikuchapa kwa sababu ulikuwa umenionyesha nilichomfanyia Mama Sayi, na sikuwa na mahali pa kukiweka. Nisamehe. Neno hilo nimeliandika na sitalifuta.

Tangu siku ile nikawa najua na nimenyamaza. Kujua na kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kutojua, usije ukajaribu.

Kisha barua yako ya chuo ikaja, na ukasema katika kilimo chote umechagua wadudu. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. "Mtoto wa Msukuma anaacha ng'ombe anakwenda kusomea mende?" Nami nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, wewe ukadhani ni uchungu wa kuachana. Siku ile ile niliosha chupa ya siagi ya karanga. Jioni nikavizia na tochi kule kwenye shimo la maji machafu, nikakamata mende wadogo watano wa ile aina kubwa, yenye wekundu. Nikaweka kipande cha trei ya mayai wajifiche, nikafunika kwa neti niliyobakiza kwenye shela ya bibi harusi. Wamekaa nyuma ya cherehani yangu tangu mwezi uliopita. Wewe ulikuwa unakaa hatua mbili kutoka hapo ukipekua madaftari yako ya wadudu, mtaalamu mzima, hukuwanusa.

Wande, kwa nini hukuniambia? Yaani uliniambia, sikusikia. Nimekaa hapa umri wangu wote nikiwapiga kwa ndara na sikuwa nawajua hata kidogo. Nimemwona mmoja anavuta kipapasio chake taratibu mdomoni, tangu shinani mpaka nchani, anakisafisha, kisha anashika cha pili. Anajisafisha kuliko Shija. Nimegundua hapendi kukaa penye nafasi. Anataka ufa unaomgusa mgongo na tumbo kwa pamoja, hapo ndipo anatulia. Na vile vimkia viwili vya nyuma, nilisoma kwenye daftari lako, kwamba vinahisi upepo wa ndara kabla ndara yenyewe haijafika. Nikajaribu kwa kupuliza kwa mrija wa soda. Alipotea kabla sijamaliza pumzi. Nikacheka peke yangu kwenye cherehani, mteja akaniuliza kama niko mzima.

Niliwanyima chakula siku kadhaa wakati wa harusi ile ya watu wa Nyashimo, kazi zilinizidi, wakaishi vizuri tu. Lakini pamba yao ya maji ilipokauka walianza kuzubaa, nikajua kiu ndiyo inayowaumiza. Ndiyo maana wanapenda jikoni na chooni, wanatafuta maji kama sisi na ndoo zetu. Na kwa wale wakubwa nimemwona jike wa nje, yule wa shimoni, amebeba kifuko cha mayai nyuma kama mbegu ya maharage. Kesho yake hakuwa nacho. Nilikitafuta nikakikuta amekibandika chini ya ubao wa mlango wa choo, amekifunika kwa vumbi na mate yake kwa ufundi mkubwa. Kwenye daftari lako umeandika kwamba yule mende mdogo wa jikoni yeye habandiki, anatembea na kifuko chake mpaka mayai yakaribie kuanguliwa. Nilisoma mistari hiyo mara nyingi. Mimi ni wa aina ya pili, kama hujaona, na baba yako atakwambia.

Kilichonishangaza zaidi ni ukurasa ule ulioandika kwamba mende wengi duniani hawaingii nyumbani mwa watu hata siku moja. Wako porini chini ya majani na magogo, wanatafuna vilivyooza mpaka vinakuwa udongo, na ndege na mijusi wanaishi kwa kuwala. Wachache tu ndio wamehamia kwetu, na kwa hao wachache tumelitukana kabila zima. Nilipofika hapo nililifunga daftari, maana nilijua nani mwingine ametukanwa hivyo.

Basi leo. Nilikuwa napiga pasi sketi ya mtu, saa tatu asubuhi, wewe umeshaondoka kwenda Binza. Nikatupa jicho kwenye chupa, nikamwona mmoja ameshika kipande cha trei kichwa chini, ametulia kama mgonjwa. Nikasogea. Mgongo wake ukapasuka mstari mmoja katikati, kama mshono uliofumuka, na ndani yake kunatoka kitu cheupe. Nilikaa sakafuni. Alitoka kichwa kwanza, akavuta miguu mmoja mmoja kama mtu anayevua soksi zilizolowa, kisha vipapasio, virefu, unadhani haviishi. Mwisho akasimama pembeni ya gamba lake, mweupe kama maziwa, macho mawili meusi. Hakimbii. Sasa najua kwa nini hakimbii, mwili bado laini, akikimbia ataumia. Yule wa kwenye debe hakuwa amekuja kumla mtu. Alikuwa uchi, anangoja apate nguo.

Wakati huo pasi inaunguza sketi. Nimeshona nyingine, usijali.

Nilijua nina saa chache tu. Nikafunga chupa kwenye kitenge, nikakimbia barabarani na ndara tofauti miguuni, nikamwambia kijana wa bodaboda twende Nkololo upesi. Akaniuliza, "Kuna msiba, mama?" Nikamwambia, "Hapana, mende wangu anabadilika rangi." Akanitazama, akatazama kitenge, akawasha pikipiki. Njia nzima nafunua kitenge nachungulia. Kila tuta tulilopita nilimwomba Mungu ambakize mweupe kidogo tu. Tulipofika njia panda ya kwa Mama Sayi, mende alikuwa ameanza kupata umanjano mgongoni, lakini bado, bado kabisa.

Mama Sayi alikuwa uani anapepeta dengu. Amekonda, nywele zimeingia mvi mbele. Nikamsalimia, "Mwadila, Mama Sayi."

"Mwadila." Akaendelea kupepeta. "Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nimekuletea mende."

Ungo ukasimama. "Ulishaniletea mmoja. Huyu wa pili wa nini?"

Nikaweka chupa chini kivulini, nikafunua kitenge. Alipoona ule weupe alirudi nyuma hatua moja. Nikamwambia, "Mtazame pamoja nami mpaka jioni. Sina kingine cha kukuomba." Akafikiri. Akamfukuza kuku aliyekuwa anasogelea chupa, akavuta kigoda chake akakaa. Mimi nikakaa chini.

Tulitazama, Wande. Wanawake wawili wazima tunamtazama mende mchana kutwa. Umanjano ukawa kama chai ya maziwa, chai ikakolea. Aliuliza maswali kama unayouliza wewe. Anaumia? Mara ngapi anavua? Nikamjibu kwa daftari lako, kwamba anavua mara nyingi mpaka awe mkubwa, na mabawa hupata mwishoni. Akauliza, "Anakunywa?" Akachukua kikombe akadondosha tone moja kwenye pamba kupitia neti. Mende alipewa maji kabla yangu, na sikuwa na haki ya kulalamika. Aliniuliza habari zako, nikamwambia unakwenda chuo. Akanijibu kwamba Sayi yuko Nyashimo, anauza dagaa, ana mtoto wa kike, na shule aliishia darasa la saba.

Saa nane ikapita, saa tisa, na mbele yetu akawa mende wa kawaida kabisa, wa kahawia, ambaye ungempiga ndara bila kufikiri. Halafu akaligeukia gamba lake akaanza kulitafuna. Mama Sayi akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe mpaka jioni tu. Ungengoja mpaka jioni tu."

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, hata habari ya chupa yako na fimbo zako. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa, nikanywa. Kisha akasema, "Mama Wande, mimi nilikuwa najua siku zote kwamba si mchawi. Hilo hukuwa na haja ya kuniletea kwa pikipiki. Wasiojua ni wale wa bombani."

Nikamrudishia kikombe. Akakipokea, akauliza,

"Maji yenu bado ni Jumanne na Ijumaa?"

"Bado."

"Kesho Ijumaa. Nitakuja na bodaboda ya alfajiri. Utawaambia nikiwa nimesimama pale pale niliposimama."

Nikamwambia kesho basi lako linaondoka saa kumi na mbili. Akauliza ndoo zinapangwa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Nilifungua mdomo nimwombe tufanye Jumanne, na naapa, maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Akawahi yeye. "Sayi alipoondoka pale mtaani, hakuna hata mtoto mmoja aliyemsindikiza. Alitembea nyuma ya mkokoteni anatazama kama Wande atatoka." Nikaufunga mdomo wangu. Siku ile nilikuwa nimekufungia ndani, mayu.

Kwa hiyo kesho utakwenda stendi na baba yako na Shija. Nimeshamwambia baba yako. Alikasirika kidogo, kisha akaenda kuutafuta ufunguo wa begi ambao haujapotea. Nitakuamsha, nitakupa chai na viazi, nitakukumbatia mlangoni mpaka uchoke, halafu nitabeba ndoo yangu nitageuka kushoto. Wewe utageuka kulia. Nina furaha, usidanganyike na haya madoa kwenye karatasi. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu ulipozaliwa, na ninaogopa pia. Huenda watanicheka. Huenda wengine, waliouzoea uchawi wa Mama Sayi, wataukataa ukweli kwa sababu si mtamu kama ule uongo. Sijui.

Mende yuko hapa mezani, wa kahawia, kama wenzake wanne, simjui tena ni yupi. Gamba amelila lote. Kesho sitakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Nitakuwa na mdomo tu, ule ule, na nitausema ukweli kwa sauti niliyoitumia siku ile. Basi liliponguruma ukawa dirishani unanitafuta, ujue mimi nilikuwa nimeanza kusema.

Nenda salama, ng'ombe za baba yako zikusindikize kwa macho.

Mama yako